Lori kuukuu haliuawi na uzee

Dereva wa njia ya Musoma hadi Sirari akiona matawi mabichi yametandikwa barabarani, hupunguza mwendo bila kuuliza. Mbele kuna gari limekufa. Mara nyingi ni Fuso au lori jingine la rika lake: kabini imeinuliwa, utingo kajilaza kivulini chini ya bodi, dereva yuko kwenye simu akimweleza tajiri wake kwa nini mahindi hayatafika leo. Balaa hili linapenda vilima. Ukishavuka Daraja la Kirumi kwenye Mto Mara, uko karibu kabisa na usawa wa Ziwa Victoria, mita 1,134 hivi juu ya bahari. Kutoka hapo unapita Utegi na kuitafuta Tarime, iliyo juu zaidi kwa mamia ya mita. Mzigo haujaongezeka hata gunia moja, lakini injini sasa inavuta na kupandisha kwa pamoja.

Hukumu hutolewa papo hapo, hata kabla fundi hajafika: lori limechoka, kilometa zimezidi, uzee huo. Mwenye lori anakubali, dereva anashukuru kwamba lawama haikumwangukia, na fundi anapewa kazi ya kuliwasha liondoke. Wote watatu wamemaliza kesi bila kusikiliza shahidi hata mmoja. Nasema hivi: malori mengi ya wilaya za Tarime na Serengeti yanayoitwa mabovu hayakuuawa na umri. Yameuawa na matengenezo yanayoishia kwenye kifaa kilichovunjika, bila mtu kuuliza kilivunjwa na nini, na bila mtu kuandika jibu.

Tuanze na swali ambalo wasomaji wenye fedha wataliuliza: kwa nini mtu ang'ang'anie lori la miaka 20 au 30? Kwa sababu ndilo analoliweza, na ndilo linalobeba uchumi wa huku. Mahindi, mihogo, ndizi na kahawa ya milima ya Tarime, ng'ombe wa minadani, mchanga na mawe ya ujenzi, saruji na sukari inayokwenda madukani Mugumu na Nata, vyote hivyo hupanda malori ya mtumba. Wakenya hapo ng'ambo ya Sirari hawaruhusiwi kuingiza gari lililozidi miaka 8. Sisi tumechagua kutoza kodi ya uchakavu badala ya kufunga mlango, na ndiyo maana barabara zetu zina magari ya umri wowote.

Tena lori kuukuu lina fadhila yake. Injini kama 6D16 ya Fuso, silinda 6 na ujazo wa lita 7.5, katika matoleo yake ya zamani hupokea dizeli kutoka kwenye pampu ya kawaida isiyo na kompyuta. Fundi wa Nyamongo anaweza kuishusha, kuifungua na kuifunga kwa spana alizonazo. Lori la kisasa lenye sensa na kompyuta likigoma Mugumu, linasubiri mtu mwenye mashine ya kulisoma aje kutoka mbali. Kwa hiyo kulidumisha lori kuukuu si ushamba. Ni hesabu nzuri, mradi mwenyewe aikamilishe hesabu hiyo.

Inaharibikia wapi? Chukua tatizo linaloongoza kwenye vilima vyetu, injini kuchemka. Katika gereji moja ya Tarime, kwenye kiwanja cha udongo kilicholowa oili, nilimtazama fundi akifanya kazi ambayo wenzake wengi huiruka. Alikuwa ameshusha silinda hedi ya lori lililochemka na kuunguza gasketi. Akaikwangua, akaiosha kwa dizeli, akaifuta mpaka ikang'aa. Kisha akalaza rula nene ya chuma juu yake, kwanza kwa urefu, halafu kwa mshazari, na kila mara akajaribu kupenyeza fila, kijibati chembamba cha kupimia nafasi, chini ya rula. Katikati, kati ya silinda ya tatu na ya nne, fila ikapita kama mlango uko wazi. Hedi ilikuwa imepinda. Kwa macho hakuna ambaye angeliona.

Mwenye lori, aliyekuwa kasimama hapo tangu asubuhi, alikosa subira. "Fundi, mbona wenzako wanafunga gasketi tu na gari linaondoka?"

"Linaondoka, mzee. Ila linarudi."

Hedi ikafungwa kwenye gunia ili ipelekwe Mwanza kusawazishwa kwa mashine. Fundi hakuishia hapo. Alimgeukia dereva, si tajiri, akamuuliza gari lilianza lini kunywa maji. Dereva akanyamaza kidogo, akamtazama bosi wake, ndipo akasema: tangu msimu wa kuvuna. Alikuwa akiongeza dumu moja kila safari na hakumwambia mtu. Rejeta ilipofunguliwa, vijibomba vyake vingi vilikuwa vimezibwa na magadi na kutu. Kwa miaka mingi lori lilinyweshwa maji ya mtoni na ya visima vya njiani. Gasketi, iliyopewa lawama zote, ilikuwa ya mwisho kuumia.

Hapo ndipo penye somo zima. Kifaa kinachokufa hadharani mara nyingi si mkosaji. Gasketi huungua kwa sababu hedi ilipata joto. Hedi ilipata joto kwa sababu maji hayakupoa. Maji hayakupoa kwa sababu rejeta imeziba, au feni belti imelegea, au pampu ya maji imelika, au hosi ya chini ni laini kiasi kwamba inajifinya injini inapovuta. Ukibadilisha gasketi peke yake umefunika kombe mwanaharamu apite. Naye atapita, lakini atakungoja kwenye kilima kinachofuata.

Angalia kitu kidogo kama mfuniko wa rejeta. Maji ya wazi Tarime huchemka yakifika nyuzi 95 hivi, si 100 kama Dar es Salaam, kwa sababu ya mwinuko. Mfuniko wenye springi nzima na mpira mzima hubana mvuke na kusogeza kiwango hicho hadi nyuzi 105 au zaidi, ili injini inayofanya kazi kwenye nyuzi 80 na kitu hadi 90 na kitu ipate nafasi ya kupumua. Mfuniko ukilegea, nafasi hiyo inapotea yote. Nimeona malori yenye injini ya mamilioni ya shilingi yamefunikwa rejeta kwa kitambaa na waya.

Au thamostati, vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Desturi ya gereji nyingi ni kuing'oa na kuitupa gari likichemka, kwa imani kwamba "huku kwetu ni joto, haihitajiki". Kwanza, asubuhi za Tarime si za joto. Injini isiyo na thamostati huchelewa kufikia joto lake la kazi, dizeli haiungui yote, oili inachafuka na ringi zinalika kabla ya wakati. Pili, katika injini nyingi thamostati ikifunguka huziba pia njia ya mkato ya maji. Ukiing'oa, sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta kabisa. Yaani kifaa kilichotolewa ili gari lisichemke kinaweza kuwa sababu ya kuchemka kwake mara ya pili, tena juu ya kilima, tena likiwa na mzigo.

Kilichoelezwa kwa maji ni kilekile kwa mafuta na hewa. Dizeli haina plagi ya kuwasha. Huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa ndani ya silinda. Ringi zikilika, hewa inavuja, na lori linakuwa gumu kuwaka alfajiri. Vumbi ndilo linalozila ringi hizo. Katika vipande visivyofikiwa na lami kwenye njia za Nyamwaga, Nyamongo na Mugumu, vumbi huingia mpaka ndani ya kabini iliyofungwa vioo. Bado filta ya hewa inasafishwa kwa kuipigapiga kwenye tairi, pigo ambalo hupasua karatasi yake na kufungua njia kwa mchanga. Filta hupulizwa kwa upepo mdogo kutoka ndani kwenda nje, na siku yake ikifika inatupwa. Bei yake ni ndogo mno ukiilinganisha na ya seti ya pistoni na laina.

Mafuta nayo yana historia yao. Mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta ili kuwanasa wachakachuaji, na mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili yasiwe na faida tena kuyachanganya na dizeli. Mwaka 2015 viwango vya Afrika Mashariki vilianza kutaka dizeli isizidi kiwango cha salfa cha sehemu 50 katika milioni. Hayo yote ni mema, lakini hayamsaidii dereva anayenunua dizeli ya madumu kando ya njia. Ndani ya pampu ya dizeli, nafasi kati ya chuma kinachosukuma na nyumba yake ni mikroni chache, na mikroni 1,000 ndizo zinazofanya milimita moja. Mafuta yenyewe ndiyo kilainishi chake. Tone la maji linaloleta kutu humo linatosha kuiua pampu na nozeli pamoja. Kwenye lori kuna kichujio cha maji chenye bolti ya kufungulia chini. Utingo akiifungua kila asubuhi kwa nusu dakika, amelinda kifaa cha gharama kubwa kuliko mshahara wake wa miezi mingi.

Basi, lori likishatengenezwa, kazi haijaisha. Ndiyo kwanza inaanza. Safari ya kwanza liende na mzigo mdogo. Maji yapimwe kila asubuhi kabla halijawashwa. Kijiti cha oili kichomolewe na kutazamwa kwa makini: weusi peke yake si ugonjwa, maana oili ya dizeli huwa nyeusi mapema, hatari ni oili iliyogeuka nyeupe, au iliyopanda juu ya alama bila kuongezwa, kwa kuwa hiyo imechanganyika na maji au na dizeli. Mfuniko wa oili ufunguliwe injini ikiwa inaunguruma, ionekane kama moshi unaotoka hapo ni wa kawaida au unasukuma kwa nguvu. Oili ibadilishwe mapema baada ya kufungua injini, kwa sababu inabeba uchafu wa kazi ile. Na kila kilichoonekana kiandikwe.

Nasisitiza kuandikwa, kwa sababu hapo ndipo wengi tunaposhindwa. Mfugaji wa Serengeti anamjua kila ng'ombe wake: mama yake, mwaka aliougua, dawa aliyopewa na kama alipona. Mtu huyohuyo akinunua lori la thamani ya zizi zima, ukimuuliza nozeli zilibadilishwa lini anamwita dereva. Dereva ni mgeni, alianza kazi juzi. Fundi wa zamani amehamia Kahama. Lori halina mtu anayelikumbuka.

Kilometa zenyewe hazisaidii. Malori mengi yanaingia nchini yakiwa na namba ambayo hakuna anayeweza kuiapia, na kebo ya mita ikikatika haina anayeharakisha kuiunganisha. Dawa yake ni daftari la shilingi chache. Mstari mmoja kila siku: safari kutoka wapi hadi wapi, tani ngapi, lita ngapi za dizeli, maji na oili vilivyoongezwa, kilichosikika au kuonekana. Lita ndizo kipimajoto cha bei nafuu kuliko vyote. Lori lililokuwa likienda Mwanza na kurudi kwa kiasi fulani cha mafuta likianza kudai zaidi kwa mzigo uleule, kuna kitu: nozeli zinavuja, filta imeziba, breki inakaba, au kuna mkono unaonyonya tangi. Vyovyote iwavyo, tajiri angependa kujua mapema.

Najua jibu la wenye malori, maana nimelisikia mara nyingi. Lori likilala siku moja, hakuna hesabu. Mzigo wa watu unaoza. Marejesho ya mkopo hayasubiri. Hoja hiyo ni ya kweli na siidharau. Lakini anayelipa gasketi moja mara tatu ndani ya msimu mmoja, na kila mara analipa pia gari la kuvuta, mzigo uliopakuliwa porini na mteja aliyehamia kwa mwingine, hajaokoa siku yoyote. Amezikopa tu kwa riba. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Kuna tatizo zito zaidi ambalo fedha peke yake haiwezi kulitatua, nalo ni namna tunavyowalipa madereva. Dereva anayelipwa kwa safari, na anayekatwa au kutukanwa lori likisimama, amefundishwa kuficha. Akiona mshale wa joto unapanda atasema moyoni: nifike tu. Yule dereva wa Tarime aliyenyamaza mbele ya tajiri wake hakuwa mjinga wala mwizi. Alikuwa amezoea kwamba habari mbaya humwangukia mletaji. Tajiri anayetaka lori la kuaminika aanze kwa kulipa posho ndogo kwa dereva aliyesimama kwa wakati na kuripoti, na asimkate utingo muda wa kupaka grisi na kumwaga maji kwenye matangi ya upepo wa breki. Hili la breki si la fedha tu. Ni la roho za watu wanaopanga meza za nyanya kando ya barabara.

Mzigo nao una sehemu yake. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari ya mwaka 2016, iliyoanza kutumika hapa kwetu mwaka 2019, inaruhusu tani 8 kwenye ekseli ya usukani na tani 10 kwenye ekseli moja yenye tairi nne. Wengi wanaisoma kama kibali: mradi mizani haijapiga kelele, twende. Wanasahau kwamba sheria ile iliandikwa kulinda barabara, haikuandikwa kulinda injini. Aliyeliunda lori la ukubwa wa kati aliliwekea kikomo chake, ambacho mara nyingi kiko chini ya hicho, tena alikiweka lilipokuwa jipya. Na barabara za ndani za vijijini, mahali magunia yanapopakiwa, hazina mizani kabisa. Bora liende.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba mfano wa kufanya vizuri uko palepale Nyamongo, nyuma ya uzio. Mgodi wa North Mara ulianza uzalishaji mwaka 2002, na leo unaendeshwa na kampuni ya Barrick kwa ubia na serikali kupitia kampuni yao ya Twiga. Utaratibu wa migodi mikubwa popote duniani unajulikana: lori la mgodini halisubiri kufa ndipo litengenezwe. Lina saa zake za kazi zinazohesabiwa, oili yake huchukuliwa sampuli na kupimwa vipande vidogo vya chuma, na kila bolti iliyofunguliwa ina karatasi yake. Malori hayo hupigishwa kazi usiku na mchana kwa miaka mingi, na hakuna anayesema yamechoka kwa sababu tu mita imesoma saa nyingi. Upande wa pili wa uzio, kijana mwenye kipaji cha ufundi anajifunza kwa kukisia, chini ya mti, akiwa na nyundo na spana mbili.

Hatuwezi kumtaka fundi wa mtaani awe na maabara. Tunaweza kumtaka awe na rula ya chuma, fila, na spana yenye kipimo cha kukazia hedi. Marekebisho ya sheria ya madini ya mwaka 2017 yanamtaka mwenye mgodi aandae mpango wa huduma kwa jamii kila mwaka na kukubaliana na halmashauri. Tumezoea kuona fedha hizo zikijenga madarasa na zahanati, na ni vyema. Sehemu ndogo yake ingeweza kuwanunulia mafundi wa Nyamongo, Tarime na Mugumu vifaa vya kupimia na kuwaleta walimu wa VETA, ambao tayari wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini na kuwapa vyeti.

Halmashauri nazo zina deni. Zinatoza ushuru wa mazao, na karibu kila gunia linalotozwa hupita juu ya lori. Lakini ni nadra kukuta eneo rasmi la gereji lenye sakafu ya zege, shimo la kukagulia na pipa la kukusanyia oili chafu. Oili hiyo sasa humwagwa ardhini, na mvua za masika zinaipeleka kwenye vijito vinavyoingia Mto Mara. Polisi wa usalama barabarani wanabandika stika za Nenda kwa Usalama kwenye lori lililopita ukaguzi wa siku moja. Wangeongeza swali moja: daftari la matengenezo liko wapi?

Lakini sitaki tuisubiri serikali kwa jambo la daftari. Dawa ya haraka iko sokoni. Malori haya huuzwa na kununuliwa kila wiki, kati ya Tarime, Mugumu, Musoma na Mwanza, na bei hupangwa kwa rangi, tairi na mlio wa injini ya asubuhi, ambao dalali yeyote anajua kuupamba kwa oili nzito. Mnunuzi adai daftari. Likiwepo, lenye tarehe, lita na jina la kila kifaa kilichobadilishwa pamoja na sababu yake, alipe bei nzuri hata kama lori lina miaka 25. Lisipokuwepo, akate bei ya injini nzima, kwa kuwa hiyo ndiyo hatari anayoinunua. Wenye mabenki na bima wanaopokea malori kama dhamana wafanye vivyo hivyo. Siku mwenye lori atakapoona kwamba daftari la shilingi chache limemwongezea mamilioni kwenye mauzo, hatahitaji makala wala semina. Atamnunulia dereva wake kalamu.